Bembea ya Bati

Hamoud bin Abdulsamad aliogopa mambo mawili duniani: adhabu ya kaburi, na kumuuzia mtu kitu chenye vumbi. Mchele wake ulipepetwa upya hata kama aliyeuleta alikuwa ameapa kwamba hauna chuya. Chupa za mafuta ya nazi zilipanguswa kila asubuhi, moja moja, mpaka shingoni. Watu wa Temeke walimcheka, wakasema Mwarabu yule wa kona hata sabuni huiosha kwanza ndipo akuuzie. Lakini walipotaka mchele usiovunja jino, miguu yao iliwapeleka kwake.

Kwa hiyo Benedikto, dereva aliyezoea kusimamisha gari pale kununua sigara, alipomwambia kwamba memsahibu wake wa Oyster Bay anatafuta vitu vya kuchezea vya zamani, vile vya bati vya wakati wa Mdachi, Hamoud hakuuliza atatoa kiasi gani. Aliuliza anakuja lini, apate muda wa kuvifuta.

"Jumamosi alasiri, Mzee," akasema Benedikto. "Ila usijisumbue. Yeye hununua hata vyenye kutu."

"Huko atakakovipata vina kutu, na anunue. Hapa atavikuta safi."

Nyuma ya pazia la duka, dada yake Wahiba alikuwa akichambua dengu. Aliyasikia yote, na mkono wake ukasimama juu ya ungo. Katika nyumba ile palikuwa na kasha moja tu lenye vitu vya namna hiyo, na tangu lilipofungwa, mwaka vita ya kwanza ilipomalizika, hakuna aliyeligusa ila kulihamisha. Sasa Wahiba alikuwa mjane wa miaka hamsini, mwenye wajukuu.

Alitaka kuinuka aseme, Kaka, hilo kasha tusilifungue. Lakini angesema kwa sababu gani? Duka lenyewe lilikuwa linafungwa mwezi ule. Mtoto mkubwa wa Hamoud alikuwa anamchukua baba yake akaishi naye Tanga, na Wahiba alikuwa anakwenda kwa mwanawe Kinondoni. Masufuria yalishagawanywa. Kasha hilo lilikuwa la mwisho, na Hamoud hakuwa mtu wa kuondoka akaacha bidhaa nyuma.

Kasha lile lililetwa na marehemu baba yao, Abdulsamad, alipokuwa na duka mjini. Aliwaagizia Wadachi, Wajerumani waliotawala wakati ule, vitu vya kuchezea kutoka kwao, wawanunulie watoto wao kwa Krismasi. Mzigo ukafika, na vita nayo ikafika. Wadachi wakapata shughuli nyingine. Walipoondoka wakaja Waingereza, na hakuna Mwingereza aliyekuwa tayari kutia mkono mfukoni kwa ajili ya kidude chenye chapa ya Mdachi. Mzee Abdulsamad akabaki na kasha lake, anasubiri dunia ipate akili.

Mtu mwingine angewapa watoto wake wavivunje, yakaisha. Yeye hakuwapa. Mali ya dukani ni mali ya dukani. Lakini alikuwa baba, tena baba mwenye huruma iliyojificha, akabuni mpango wake. Kila Idi, wakitoka kusali, aliwafungulia kasha watoto wake watatu mpaka adhuhuri. Shuka jeupe lilitandikwa ukumbini. Mikono ilinawishwa kwa sabuni, ikakaguliwa mpaka kwenye kucha. Halua ilisubiri. Hakuna kitu kilichowekwa sakafuni, wala kugongwa, wala kutiwa ufunguo kupita kiasi. Adhuhuri ikiadhiniwa, watoto wenyewe walikaa wakavifuta: kwanza unyoya wa kuku, kisha kitambaa cha kanzu kuukuu, kisha pamba ya sufi iliyozungushwa kwenye kijiti cha ufagio, kwa ajili ya vipembe. Maji hapana, kwa sababu maji na bati ni maadui. Mzee Abdulsamad alikipokea kila kitu, akakigeuza juani, na akikuta alama ya kidole hata moja, mwenye kidole hicho hakuwa na Idi mwaka ujao.

Watoto wa jirani walitoka kwenye Idi na magoti yaliyochubuka. Hawa walijifunza kucheza bila kuacha alama.

Jumamosi asubuhi Hamoud alifunga duka, wakalitoa kasha uani chini ya kivuli cha paa. Misumari ilitoka kwa shida. Kifuniko kilipoinuka, Wahiba alipigwa na harufu ya mafuta ya mashine na mbao, na ndani yake, kwa mbali, ya udi ule ambao mama yao alikuwa akifukiza siku ya Idi. Au labda alijidanganya, maana udi gani unakaa miaka yote hiyo. Alifikicha macho akasema ni vumbi.

Vumbi kweli lilikuwepo. Lilikuwa limepenya kwenye nyufa za mbao, laini, la rangi ya unga wa mtama, limelala juu ya kila kitu. Palikuwa na dubu mpiga ngoma, treni yenye mabehewa matatu, bata wa magurudumu, mwanamke wa bati anayefua nguo. Hamoud aliketi kwenye kigoda, akakunja mikono ya kanzu, akanyoosha kiganja bila kutazama. Wahiba akatia unyoya ndani ya kiganja hicho. Hawakuwa wameambizana. Mikono yao ilikumbuka yenyewe nani hushika unyoya na nani hushika kitambaa.

"Dubu wako huyu," akasema Wahiba.

"Hakuwa wangu. Hakuwa wa mtu."

"Ulikuwa humpi mwingine amshike."

Hamoud akacheka kidogo puani, akaendelea kupangusa ngoma. "Alikuwa anapiga vibaya," akasema. "Mkono wa kushoto unachelewa. Nilikuwa nafikiri akipumzika mwaka mzima, Idi ijayo atakuwa amepona."

Wakacheka wote wawili. Wahiba alimtazama kaka yake, ndevu zake nyeupe, miwani imeshuka kwenye ncha ya pua, na moyo wake ukalainika. Akajiambia: leo. Leo nitamtaja mbele yake, na yeye atamtaja. Tukishaachana, mie Kinondoni yeye Tanga, nani mwingine duniani atajua kwamba kulikuwa na mtoto anaitwa Mahfudha?

Maana watoto walikuwa watatu, na kwa miaka mingi wamehesabiwa wawili. Mahfudha alikuwa wa mwisho. Alikufa katika homa ile iliyokuja mara tu baada ya vita, ana miaka kumi. Nguo zake zikatolewa sadaka, mkeka wake pia, na picha hakuwa nayo. Mama yao kila aliposikia jina lile alianguka, akawa wa kufufuliwa kwa marashi, hivyo nyumba nzima ikajifunza kulikwepa. Hakuna aliyelipiga marufuku. Halafu mama akafa, baba akafa, na bado hakuna aliyelitaja, kwa sababu mazoea yana taabu. Hamoud alizaa mabinti wanne, na kila alipozaliwa mmoja ndugu wote walingoja wasikie jina la shangazi yake. Hakumpa hata mmoja. Wahiba yeye Mungu alimjalia wana wa kiume tu.

Chini kabisa ya kasha ilikuwapo bembea.

Ilikuwa ya bati, ya kuzunguka, yenye mwavuli wa mistari juu na viti vinavyoning'inia kwa minyororo, na kwenye kila kiti mtoto wa bati ameketi. Ukiitia ufunguo ilizunguka taratibu, kisha viti vikainuka nje, na watoto wale wakaruka na nyuso zao zile zile zisizobadilika. Hii ndiyo iliyokuwa ikigombaniwa. Wahiba aliichukua yeye, mapema, kabla Hamoud hajanyoosha mkono, akahamia nayo kwenye mkeka karibu na mlango wa jiko.

Alipuliza kwanza. Akapitisha unyoya kwenye mwavuli, akapitisha pamba katikati ya minyororo, mnyororo mmoja baada ya mwingine. Watoto wa bati walitokea kwenye vumbi, mashavu mekundu kama zamani. Kisha akaigeuza afute kitako chake, ambacho kilikuwa cha rangi ya maziwa, na hapo akaona doa.

Lilikuwa dogo, la kahawia inayoelekea kwenye wekundu. Alidhani ni kutu, akalipitishia ukucha. Kutu huparuza, na hili lilikuwa laini. Akalisogeza kwenye mwanga. Lilikuwa na mistari myembamba iliyojikunja, mmoja ndani ya mwingine. Kilikuwa kidole, kidole cha mtoto, kilichobanwa pale kikiwa na hina mbichi.

Wahiba alijua papo hapo ni cha nani na ni cha lini. Mkesha wa Idi ile ya mwisho mama yao aliwapaka hina yeye na mdogo wake, akawafunga vidole kwa majani na vitambaa, wakalazwa mikono juu ya mito kama wagonjwa. Alfajiri Wahiba alishtushwa na miguu ya baridi ikirudi mkekani.

"Ulikuwa wapi?"

"Kunywa maji," akasema Mahfudha.

Na mtoto aliyefungwa vidole vyote hashiki kata. Asubuhi vitambaa vilipofunguliwa, kidole chake kimoja hakikukolea, kikabaki cheupe, mama akamsonya, naye akacheka. Wahiba alikuwa ameusahau uongo ule. Sasa akaujua ukweli wake. Mtoto yule hakuweza kungoja mpaka wenzake watoke kusali. Alikwenda peke yake gizani kwenye kasha, wakati huo halijapigiliwa misumari, akafungua kidole kimoja tu, akaigusa bembea, akairudisha mahali pake. Baba yao mwenye macho ya kipanga hakuona kwa sababu alama ilikuwa chini, ambako hakuna mtu anatazama.

Aliweka kidole chake juu ya alama ile, kidole cha mwanamke mzima, kikaifunika yote. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alifurahi, na kufurahi kwenyewe kulimuuma. Kumbe alikuwapo. Kumbe si yeye Wahiba aliyemtunga kwa kichwa chake katika miaka ile yote ya kunyamaza.

"Umemaliza?" Hamoud akauliza kutoka kwenye kigoda.

"Bado kidogo."

Hapo ndipo angesema. Alifungua kinywa, na jina likamkwama, maana jina ambalo halikutoka miaka thelathini na minane halitoki kwa mara moja kama kikohozi. Akajiambia, nitasema tukishakula. Mtu aliyeshiba husikia vizuri zaidi. Akaifunika bembea kwa pembe ya kanga yake ya zamani, akaiacha mkekani, akaingia jikoni kuupalia wali na kugeuza samaki. Alipokuwa akikuna nazi alikuwa akiyapanga maneno. Kaka, kuna kitu nataka ukione. Kaka, unaikumbuka Idi ile.

Alitoka na sinia mikononi, akamkuta Hamoud amesimama kwenye jua na bembea imegeuzwa juu chini, anaikagua vile vile alivyokuwa akikagua baba yao. Miguuni pake palikuwa na kopo la mafuta ya taa, na kitambaa begani.

"Hapa ulipitiwa, Wahiba," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeridhika. "Palikuwa na doa chini ya kitako. Kitambaa kikavu kilishindwa, nikaona nilijaribu kwa mafuta. Limenipa kazi, lakini limetoka lote. Tazama."

Akamwonyesha. Bati lilikuwa jeupe, linang'aa.

Wahiba aliliweka sinia chini ili asiliangushe. "Ilikuwa hina," akasema.

"Hina? Hina ya nani?"

"Ya Mahfudha. Kilikuwa kidole chake."

Hamoud aliitazama bembea, akamtazama dada yake, kisha akakichukua kile kitambaa begani, akakikunjua, akaanza kukichunguza, upande huu na upande huu. Palikuwa na weusi wa vumbi, na unjano wa grisi, vimechanganyika. Alikigeuza mara nyingi kuliko inavyohitajika kukigeuza kitambaa. Halafu akakiweka juu ya kigoda, akachukua birika, akaenda kutawadha, ingawa wakati wa sala ulikuwa bado.

Wahiba alimchukia kaka yake. Alimchukia kwa usafi wake, kwa unyoya wake, kwa ule mgongo wake ulioinama kwenye birika bila neno. Alijichukia na yeye pia, kwa sababu alikuwa na asubuhi nzima ya kusema na akaichezea. Ndugu wawili waliofundwa kufuta, wamefuta. Wali ukapoa kwenye sinia, paka wa jirani akajipatia samaki, na hakuna aliyemfukuza.

Alasiri gari lilisimama. Benedikto alimfungulia mlango memsahibu, mwanamke mrefu mwenye kofia ya ukili, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko ilivyotarajiwa, ingawa kilitembea kwa mkongojo. Vitu vyote vilikuwa vimepangwa barazani juu ya shuka jeupe. Memsahibu alipiga magoti mbele ya vitu hivyo kama mtoto, na kwa hilo Wahiba, hata na hasira zake, alimpenda kidogo. Alimshika dubu, akamsikiliza akipiga ngoma. Akaisukuma treni. Mwisho akaichukua bembea, akaigeuza, akatazama chini kwenye kitako, pale pale.

"Mimi naona nyingi," akasema. "Zote zimevunjika kidogo, zimechafuka kidogo. Hii ni safi kabisa, Mzee. Ni kama hakuna mtoto aliyegusa."

Hayo ndiyo maneno ambayo Mzee Abdulsamad alingoja kuyasikia maisha yake yote, na mfanyabiashara anayejua kazi yake angejibu, Naam, memsahibu, ni mpya. Wahiba aligeuza uso atazame barabarani. Hakutaka kumwona kaka yake akilisema neno hilo.

"Imeguswa," akasema Hamoud.

Memsahibu akainua kichwa.

"Imeguswa, memsahibu. Tulikuwa watoto watatu katika nyumba yetu. Mimi, na huyu dada yangu, na mdogo wetu." Akavua miwani. "Mdogo wetu alikuwa akiitwa Mahfudha. Yeye aliigusa kuliko sisi sote. Alikufa mdogo. Hapo chini unapotazama palikuwa na alama ya kidole chake, nami nimeifuta leo mchana kwa mafuta ya taa, bila kujua. Sitaki uinunue ukidhani haikuguswa."

Benedikto, aliyekuwa akipanga maboksi, aliacha. Memsahibu alikaa na bembea magotini, akasema pole, kisha akasema pole tena. Baadaye akauliza taratibu kama wangependa kubaki nayo.

"Muulize dada yangu," akasema Hamoud.

Wahiba akaipokea bembea. Aliigeuza. Bati lilikuwa bati. Aliitafuta ile hamu iliyomshika asubuhi, hakuipata, kwa sababu alichokitaka hakikuwa bati. Jina lile, kwa sauti ya Hamoud, lilikuwa bado limesimama barazani pale, na alikuwa akilisikia.

"Ichukue, memsahibu," akasema, akamrudishia. "Ila kwako akija mtoto akataka kuishika, mwache aishike."

Gari lilipoondoka, ndugu wawili walibaki barazani na shuka jeupe tupu mbele yao. Jua lilikuwa limehamia upande wa minazi.

"Alikuwa na kithembe," Hamoud akasema ghafla.

"Nani?"

"Mahfudha. Alikuwa na kithembe."

"Hakuwa na kithembe, kaka. Alikuwa ameng'oka meno ya mbele."

"Meno yaliota. Kithembe kikabaki. Mie ndiye niliyekuwa nampeleka chuoni kwa mwalimu wa Kurani, nilikuwa namsikia anavyosoma."

"Mie nililala naye mkeka mmoja, usinifundishe. Kithembe gani hicho, na 'Suleimani' alikuwa anaitamka vizuri?"

"Alikuwa hawezi. Alikuwa anamwita yule muuza maji Thuleimani, na yule mzee anamwitikia hivyo hivyo." Hamoud akalijaribu tena kwa ulimi wa mtoto, polepole, ndevu nyeupe na yote, Thuleimani, na sauti ikamkatikia katikati ya jina. Wahiba akakumbuka. Ni kweli, ndivyo alivyokuwa akimwita. Lakini hakukubali, akambishia, ili aendelee kusema.